Kibla cha Kadiri

Niliwahi kuwa mjane kwa muda usiozidi wa kuchemsha birika la chai, na muda wote huo mume wangu alikuwa mzima msikitini, amekaa safu ya pili, anasikiliza hotuba.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nne, mwaka 1954, na mvua ilikuwa imetuchosha. Nilikuwa barazani kwangu, kambi ya Waswahili hapa Gisenyi, nashona suruali za wanafunzi wa misheni ya Nyundo, mara lori la mgodi likasimama mlangoni. Dereva wake, Dauda, jirani yetu, alishuka bila kuzima injini.

"Mama Muhamadi," akaniambia, macho ameyainamisha. "Mugodi imeanguka. Handaki ya chini yote imefungwa. Batu tatu iko ndani. Bizimana, Viateur, na… na Kadiri wako. Pole, dada."

Mama mkwe alikuwa kando yangu anachagua mchele. Ungo ulimtoka mkononi, akapiga yowe lililowatoa wanawake wa kambi nzima majumbani.

"Kadiri yuko msikitini," nikasema.

Nani anisikie? Nikarudia kwa sauti. Wakasema huzuni imenipanda kichwani. Mmoja akanimwagia maji ya baridi, mwingine akanivua heleni, eti mjane havai mapambo. Heleni moja sijaiona mpaka leo, na ninamshuku ninayemshuku. Kufumba na kufumbua mafiga yalikuwa yamewashwa uani, sufuria kubwa za matanga zimeinjikwa, mbuzi wa jirani amekwisha kuchinjwa. Watu wetu kwa kilio hawana uvivu.

Lakini mimi sikuwa nimepotewa na akili. Nilikuwa najua jambo ambalo pale uani hakuna mwingine aliyelijua.

Mgodi ule wa kasiteriti, mawe yanayotoa bati, kwenye kilima cha juu ya Nyundo, haukuwa na siku ya kulala. Mzungu aliyeusimamia, tuliyemwita Rutuku kwa wekundu wa shingo yake, aligawa siku za mapumziko bila kumuuliza mtu dini yake. Kadiri, Mwislamu mtoto wa Mwislamu, alipewa Jumapili. Habiyaremye wa Rugerero, Mkristo anayeimba kwaya, alipewa Ijumaa. Walikwenda kumwomba awabadilishie, akawafukuza ofisini. Basi wakabadilishana wenyewe. Kila Ijumaa Habiyaremye alichukua kibati cha namba cha Kadiri, akakitundika mlangoni mwa handaki na kuingia. Kila Jumapili Kadiri alifanya vivyo hivyo kwa namba ya Habiyaremye. Kapita wao, msimamizi aitwaye Mugabo, aliliona hilo na kuangalia pembeni.

Kwa hiyo kibati cha Kadiri kilikuwa kimetundikwa pale mgodini, na kwa vibati ndivyo walivyohesabu waliofukiwa. Na aliyefukiwa alikuwa Habiyaremye.

Sala ikaisha. Kadiri akatokea uchochoroni na kanzu yake nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe, akakuta mlango wake umejaa watu wanalia.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama yake alimrukia, akamkumbatia, akampiga kofi, akamkumbatia tena. "We mutoto! We mutoto! Unataka kuniua?" Wanawake wale wale waliokuwa wakilia wakapiga vigelegele. Mmoja akaanza kucheza na mwiko mkononi.

Kadiri hakucheka. Alikuwa anamtazama Dauda na lori lake.

"Handaki gani?"

"Ya chini."

Akakaa chini kwenye matope na kanzu yake. "Habi," akasema. "Habi iko ndani kwa nafasi yangu."

Vigelegele vikakatika. Mama mkwe ndiye aliyepata akili kwanza, na akili yake ilikuwa kali siku zote. Alimvuta mwanawe sikioni mbele ya kila mtu, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo uani wote waliisikia.

"Sikia. Kwa Muzungu we ni maiti. Maiti haifungwe gereza. Vuka Goma sasa hivi, kwa mujomba wako, ukae kule. Ukijionyesha kule mugodi, Rutuku atakufunga ju ya kumudanganya, na ndugu za Habiyaremye watasema we ndiye ulimuua. Vuka, mwanangu. Hii kilio tutaimaliza sisi."

Goma ni hapo tu ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, ukipiga chafya Gisenyi wanakujibu Goma. Nitasema kweli, moyo wangu ulivuka kabla ya mtu yeyote. Nilimtaka mume wangu hai na huru, basi.

Kadiri akanitazama. "Saidati, unakumbuka uzi?"

Nilikumbuka. Miaka mitatu nyuma aliniomba kibunda cha uzi mweupe, nikamkatalia, akakiiba. Huko chini hakuwa na mahali pakavu pa kusalia adhuhuri. Basi yeye na wenzake wa handaki la chini, Habiyaremye, Bizimana na Viateur, walichonga kijipango ukutani, saa za mwajiri, kwa siri. Walikitegemeza vizuri kwa nguzo za mikaratusi kuliko handaki lenyewe. Kadiri aliweka humo mkeka, birika na debe la maji ya udhu. Wenzake walikiita musikiti ya Kadiri, na wakati wa chakula wote wanne walikaa humo kwa sababu palikuwa na kijiupepo kilichopenya kwenye ufa.

"Kama iko wazima, iko mule," akasema. "Na hakuna mutu mwingine anajua ile kitu. Sisi wane tu. Tatu iko chini, na mumoja ni mimi. Mama, nikivuka Goma, nimewazika."

Alisimama, matope yanadondoka kwenye kanzu, akapanda lori. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na nilimkasirikia vile vile. Nikawageukia wanawake.

"Nyie mumepika chakula ya mutu aliyefukiwa," nikawaambia. "Bon. Basi tuipeleke kwa aliyefukiwa. Pandisheni sufuria!"

Wakapandisha. Mama mkwe naye akapanda, ananung'unika, ameshika mwiko wa mbao kama mtu anayekwenda vitani.

Mgodini tulikuta watu wengi wamesimama mbele ya mlango wa handaki, wameloa. Handaki liliingia kilimani kuelekea mawio ya jua, na sasa mdomo wake ulikuwa umezibwa na tope jekundu. Vijana walikuwa wanatoa tope kwa karai. Kila wakitoa karai moja, udongo wa juu ulishuka mbili. Rutuku alikuwa katikati yao, tope hadi magotini, kofia hana, anachimba kwa mikono yake. Nilikuja na matusi yangu tayari kwa ajili yake, nikayameza.

Wanawake wa pale waliponiona walinikimbilia mikono wazi. Mjane amefika! Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumwona Mukamazimpaka, mke wa Habiyaremye. Alikuwa amesimama peke yake kando ya kilima, jembe mkononi, hakuna anayempa pole. Wampe pole ya nini? Mumewe Ijumaa ni siku yake ya kupumzika. Alikuwa anaijua kweli yote, na alikuwa amefunga mdomo ili wanaume wetu wawili wasifukuzwe kazi, huku analia kwa ndani. Niliipita mikono yote ile nikaenda kumshika yeye.

"Mama Donatille," nikamwambia, "Kadiri amekuja. Atasema yote."

"Atafungwa," akasema.

"Afungwe!"

Ndipo Kadiri akashuka kwenye lori. Hebu fikiria, watu wametangaziwa kwamba Kadiri amefukiwa, na sasa Kadiri anakuja kwao na nguo nyeupe ndefu. Kapita Mugabo ndiye aliyemwona kwanza, na woga ukamsahaulisha hata siri ya Ijumaa aliyoijua. Alimwita Mungu wake kwa kelele, "Muzimu! Mana yanjye, muzimu!" na kukimbilia mgombani, na nusu ya vijana wa karai wakamfuata.

"Muzimu gani analia makamasi?" mama mkwe akawapigia kelele. "Rudini hapa!"

Kadiri alikwenda moja kwa moja hadi kwa Rutuku, akavua kofia yake ya kitambaa.

"Musyu, mi ni Kadiri. Sikuingia leo. Habiyaremye ameingia kwa namba yangu. Kila Ijumaa anaingia, na kila Jumapili mi naingia kwa namba yake. Tumekudanganya miaka tatu. Unifunge, lakini kwanza unisikie."

Uso wa Rutuku ulikolea wekundu nikadhani utapasuka. Alifoka kwa Kifaransa, akafoka kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akatupa karai. Kadiri alingoja amalize. Kisha akamweleza habari za kile chumba cha kusalia, mkeka, maji, nguzo. Rutuku alipofungua tena kinywa, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Wapi? Upande gani?"

"Mwisho ya handaki, ukuta wa kushoto. Tulichonga kuelekea kibla. Nilisimama hapa mulangoni, nikaona kibla iko kati ya mulima Nyiragongo na mulima Karisimbi, vile tunasali kule Gisenyi. Nikavuta uzi ya bibi yangu ndani yote, nikapima. Na mule ndani iko upepo inanuka mikaratusi."

Rutuku alikimbia ofisini, akarudi na ramani ya mgodi na dira. Waliinama wote wawili juu ya pipa la mafuta, Mzungu na mume wangu, vichwa vinagongana. Mkono wa kushoto wa handaki kilima kilishuka kwenye kibonde chenye mikaratusi. Kama kijipango kilielekea kule kweli, basi kati yake na hewa ya Mungu palikuwa na udongo kidogo tu. Badala ya kupambana na mlango, tungezunguka kilima na kuchimba kutoka nje, tukiwafuata kwa mbele.

"Mimi weza kuchimba shimo moja," Rutuku akasema. "Mbili hapana. Kilima nalegea, mvua nakuja. Kadiri, wewe sali upande ya kweli? Hakika?"

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu akiogopa. Mimi ninamjua. Mtu huyu akienda kwa mjomba wangu pale Rugerero hupotea njia, na njia ni moja. Tukichimba pembeni ya pale, watu watatu wanakufa, na zaidi ya hapo, sala zake zote za adhuhuri kwa miaka mitatu zilikuwa zimeelekezwa huko Masisi kwa wachunga ng'ombe. Alinitazama. Sikumwonyesha wasiwasi hata kidogo, na huo ndio uongo mzuri kuliko wote niliowahi kumwambia bila kufungua mdomo.

"Hakika, Musyu," akasema.

Rutuku alipima kwa kamba na dira, akachomeka kijiti kati ya mikaratusi. Tukaanza.

Nikisema tukaanza, ninamaanisha sote. Vijana wa karai walirudi mmoja mmoja na aibu zao. Mugabo alitoka mgombani, akashika sururu bila kuambiwa. Watu wa Nyundo walishuka na majembe, na magogo ya nguzo yakakatwa pale pale. Dauda alileta wanaume wa kambi yetu, wengine bado wana kanzu za Ijumaa, wakazifunga kiunoni. Sisi wanawake tulipanga mstari na karai zikapita mkono kwa mkono, Waswahili na wakulima wa Rugerero, na mwenye wimbo akaimba. Giza lilipoingia tuliwasha taa za lori. Mama mkwe alikaa kwenye sufuria zake akimgawia kila mtu wali na nyama ya matanga, na aliyekataa alichapwa kwa mwiko.

Kulipokucha shimo lilikuwa limeingia kilimani kiasi cha kummeza mtu na mwenzake. Rutuku alipima kwa kamba, akapima tena. Tulikuwa tumefika mahali ambapo kijipango kilipaswa kuwa. Mbele yetu palikuwa na udongo tu. Tukaongeza. Udongo. Mvua ikaanza kudondoka, na ukuta mmoja wa shimo ukamwagika, tukamtoa kijana mmoja kwa kumvuta miguu.

"Bon," Rutuku akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka sana. "Labda kulia. Labda sisi napita pembeni."

Kadiri alikuwa mbele shimoni, kanzu imekuwa nyekundu. Aliegemea ukuta akaanza kulia waziwazi. "Kama nimekosea," alisema, "kama nimekosea, Habi ananingoja upande ingine."

Mukamazimpaka alitoka kwenye mstari wetu. Tangu jana alikuwa hajasema neno zaidi ya yale aliyoniambia. Aliingia shimoni, akampokonya Kadiri mtaimbo.

"We ulisali upande huu miaka tatu," akamwambia. "Leo unataka kugeuka? Toka, nipe nafasi."

Akauchoma mtaimbo mbele, hakuugeuza kulia wala kushoto. Akauchomoa, akauchoma tena pale pale. Kadiri alipangusa uso, akashika nyuma yake, wakasukuma pamoja. Mimi nilikuwa nyuma yao nimeshika karai, naona kila kitu. Mara ya tatu au ya nne chuma kiliingia chote kwa mkupuo mmoja, wakaanguka wote wawili kifudifudi. Mukamazimpaka alibaki ameshika ncha kwa vidole tu.

Kisha mtaimbo ukavutwa.

Hakuwa yeye aliyeuvuta. Ulivutwa kutoka ndani. Mukamazimpaka akauvuta kwetu, ukavutwa tena kwao, kwa nguvu, mara mbili. Akageuka kunitazama, uso wote tope, meno yote nje.

"Ni yeye," akasema. "Hivyo ndivyo ananinyang'anyaka blanketi."

Kelele zilizopigwa kwenye kile kibonde walizisikia mpaka ziwani. Mimi nilipiga vigelegele hadi sauti ikanikauka. Rutuku alimkumbatia Mugabo, kisha akakumbuka kuwa yeye ni Mzungu, akamwachia, kisha akamkumbatia tena.

Waliupanua ule mwanya kwa mikono kwa hadhari kubwa, nguzo baada ya nguzo. Viateur alitoka kwanza, kijana mwembamba, anapepesa macho kwa mwanga. Bizimana alitolewa mguu umevunjika, anatukana kila anayemgusa, na hakuna aliyewahi kufurahia matusi vile. Wa mwisho akatoka Habiyaremye. Begani alikuwa na mkeka umeviringishwa, na mkononi birika.

Mukamazimpaka alimfuta tope usoni kwa kanga yake, polepole, kama anavyofutwa mtoto, na Habiyaremye akafumba macho akaacha afutwe.

Kadiri alisimama mbele yake, hajui aweke wapi mikono. "Habi," akasema. "Ndugu yangu. Ilikuwa nafasi yangu."

"Musikiti yako iko na baridi," Habiyaremye akamjibu kwa sauti iliyokwaruza. "Na maji yako ya udhu tumekunywa yote. Utanisamehe. Tuliposikia nguzo ya handaki inalia, tukakimbia wote mule. Handaki yote ilianguka, ile musikiti haikutikisika. Tukapiga magoti tukasema Baba Yetu. Sikujua upande wa kuangalia, nikaangalia upande wa mukeka yako."

Mume wangu alilia, nami nikalia. Kisha akaomba taa, akatambaa ndani peke yake ingawa Rutuku alimkataza. Alikaa kidogo, akatoka na sura ambayo sijui niieleze vipi. Nilimuuliza ameona nini.

"Ule mutaimbo," akaniambia. "Umetokea pale mbele ya mukeka. Pale pale naweka paji la uso." Akacheka huku machozi yanamtiririka. "Saidati, sala yangu zote zilifika."

Nikamwambia nilijua tangu zamani. Sikujua kabisa.

Rutuku alitukuta tumekaa chini ya mikaratusi, tunakula. Alisimama juu ya wale wanaume wawili walioshirikiana kumdanganya miaka mitatu, na watu wote wakaacha kutafuna. Alikuwa na maneno tayari, ilionekana. Alimtazama Bizimana amefungwa mguu kwa vipande vya mti, akamtazama Viateur analala na tonge mkononi.

"Kadiri, wewe pumzika Ijumaa," akasema. "Habiyaremye, Jumapili. Na ile musikiti…" akatafuta neno. "Kila handaki nataka moja kama ile." Akapokea sahani kwa mama mkwe, akaketi kwenye jiwe.

Habiyaremye alikuwa anakula kama mtu aliyerudishiwa mdomo. Akauliza chakula hiki kizuri ni cha sherehe gani. Tulipomweleza kwamba ni matanga ya Kadiri, alipaliwa na wali kwa kicheko, tukampiga mgongo.

"Matanga yako iko tamu," akasema alipopata pumzi. "Ufe tena mwezi ujao."

Kadiri hakucheka naye. Aliweka sahani chini, akamgeukia Mukamazimpaka, akainamisha kichwa. Alisema kuwa hatasahau, kwamba hangemuomba mtu tena amshikie nafasi, kwamba hata hizi Ijumaa alizopewa leo angeona haya kuzitumia. Angesali mgodini kama zamani, wala asingekanyaga tena msikiti wa mjini siku ya kazi.

Mukamazimpaka alimsikiliza mpaka mwisho. Bado alikuwa ameshika mkono wa mumewe, hakuuachia hata kwa kula.

"Shemeji," akamwambia, "ile Ijumaa mume wangu karibu ailipie na roho yake. We unataka kuitupa?" Akauchukua ule mkeka, akaukung'uta tope, akamwekea mapajani. "Juma ijayo nitashuka Gisenyi mi mwenyewe, nisimame mulango ya musikiti. Nikikukosa mule ndani, utanijua."

Na Ijumaa iliyofuata alikuja kweli. Alisimama nje kwenye jua na mtoto mgongoni, hadi akakiona kichwa cha Kadiri kimeinama kwenye safu ya pili, ndipo akakubali kuja kwangu kunywa chai.